Namba za Penseli Kwenye Kona ya Dodoso

Vijana wa ofisi ya utumishi, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kanga za mke wangu, na ombi moja: niandike kidogo kuhusu lile kabati la madodoso, maana sasa ni lenu na hakuna anayejua vizuri kilichomo. Nimekaa nyumbani Kilwa Masoko mwezi wa pili sasa, na kila nikianza kuandika najikuta nafuta. Si kwamba nimesahau. Nakumbuka sana. Ila mambo yenyewe hayajakaa sawa kichwani mwangu, na mimi nilidhani mtu akistaafu yanakaa yenyewe. Kwa hiyo msitegemee mwongozo. Vyeo vyangu navyo nitaviruka. Mkivitaka viko kwenye jalada langu, sehemu ambazo panya hawakuzifikia.

Sikuanza na watumishi. Nilianza na wagonjwa, au niseme makaratasi ya wagonjwa. Shirika letu lilikuwa na vituo vya afya kadhaa, vingine pwani na vingine bara milimani, nami niliajiriwa nikiwa kijana nimetoka Kiranjeranje na shati moja la maana, kuwa karani wa mapokezi. Chumba cha kumbukumbu kilisimamiwa na Mama Thekla, muuguzi wa siku nyingi, mwenyeji wa Rondo, mwanamke mfupi aliyetembea kama anachelewa mahali. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinikalisha kwenye benchi la wagonjwa akasema nitulie hapo mpaka aniite. Aliniita saa sita mchana.

"Umeona nini?"

"Nimeona watu wengi, mama."

"Wangapi wameondoka bila kuandikwa?"

Sikujua. Kumbe walikuwa wanne, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni ambaye alikuwa amekaa karibu nami kabisa, nikampisha apite wakati anakwenda zake. Mama Thekla alikuwa amewaona wote kupitia dirishani huku akiandika wengine.

Yeye ndiye aliyenifundisha kulitazama daftari kabla ya kulisoma. Daftari lililojazwa mgonjwa kwa mgonjwa lina fujo zake: wino unabadilika, mwandiko wa asubuhi umesimama na wa mchana umelala, kuna alama ya kidole chenye dawa ya kidonda. Lililojazwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi ni safi kama kadi ya harusi. Niliwahi kumwona akirudisha daftari zima kituoni kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri mno. Mfawidhi wa kituo alikuja juu, akataka kujua kosa ni nini. Mama Thekla akamwambia, "Ndiyo hilo hilo. Halina kosa hata moja."

Miaka ikapita hivyo, kisha nikahamishiwa ofisi ya utumishi. Sababu ilikuwa kwamba najua kutunza majalada. Kama najua watu, hakuna aliyeniuliza. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Bwana Mtauka, mtu wa bidii na haraka, ambaye siku moja alirudi kutoka semina Dar es Salaam na neno ari. Neno tulikuwa nalo siku zote, ila yeye alirudi nalo likiwa na namba. Alitueleza kwamba mtumishi anaweza kuwepo kazini na asiwepo. Kwamba yule ambaye moyo wake uko kazini hukosea dawa mara chache, hakimbilii uhamisho, na mgonjwa huiona tofauti hata kwenye namna ya kuamkiwa. Na kwamba jambo hili linapimika kwa dodoso, mtu akichagua namba kuanzia moja hadi tano. Nilimwamini. Bado namwamini kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo tabu yangu ilipo.

Dodoso lilikuwa limetafsiriwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kufanya kazi ya zamu. Nililijaribu kwanza kwa watumishi wa makao makuu. Swali moja lilisema: *Kazi yangu hunimeza.* Mkunga mmoja alijaza tano, yaani nakubali kabisa, nikampa hongera. Akaniuliza hongera ya nini, wakati kazi imemmeza kweli na mgongo hauinuki. Jingine lilisema: *Ningependa mwanangu afanye kazi hapa.* Mhudumu mmoja wa wodini aliweka kalamu chini, akasogea karibu, akaniuliza taratibu, "Kaka Saidi, nafasi zimetoka?" Nikamweleza ni swali tu. Kesho yake akaleta vyeti vya mwanawe.

Nilipeleka kwa Bwana Mtauka orodha ya maswali ya kurekebisha. Akasema tukirekebisha hatutaweza kujilinganisha na wengine. Sikujua hao wengine ni akina nani, na sikuuliza, nikidhani kila mtu anajua isipokuwa mimi. Ningewashauri ninyi muulize.

Tukapeleka madodoso vituoni. Yaliporudi, vituo viwili viliruka nje ya mstari. Nitaviita kituo cha mlimani na kituo cha pwani, majina hayatamsaidia mtu. Cha mlimani karatasi zote zilijaa moja, moja, moja. Cha pwani zilijaa tano tupu. Bwana Mtauka alikuwa na majibu kabla sijakaa: timu ya mlimani ivunjwe, kila mtu apelekwe kituo tofauti, na mfawidhi wa pwani apewe cheti.

"Bosi, niruhusu niende nikaangalie kwanza," nikamwomba.

"Ukaangalie nini? Wamejaza wenyewe."

Lakini akanipa siku mbili.

Mlimani nilimkuta tabibu Damasi, mfawidhi wa kituo, anapanga mitungi ya gesi ya jokofu la chanjo. Nikamuuliza wana shida gani.

"Gesi na barabara," akasema. "Kuna nyingine?"

"Mmejaza moja kila mahali."

"Ndiyo. Namba moja."

"Moja ndiyo ya chini kabisa, Bwana Damasi."

Alinitazama kama nimemwambia jua linachomozea magharibi, huko Nachingwea. "Tangu lini? Mwanangu akishika namba moja darasani, nimchape?"

Tukacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Nikajiona nimekwisha kupata jibu, naweza kurudi. Ndipo nesi aliyekuwa dirishani, ambaye hakuwa amecheka, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mimi nilimaanisha ile ya chini." Damasi akarudi kwenye mitungi yake. Kwenye karatasi, moja ya Damasi na moja ya yule nesi zilikuwa sawasawa, na hakukuwa na jina juu yake. Nikiwa bado nimesimama pale, wakamleta mama mmoja kwenye pikipiki, amelegea. Zamu ya nesi yule ilikuwa imekwisha, mkoba uko begani. Aliutua, akaingia ndani, na hakutoka mpaka mimi naondoka. Niliandika jambo hilo kwenye daftari langu dogo, kisha nikatafuta niliweke chini ya swali lipi. Sikupata. Mpaka leo sijui mwanamke yule alikuwa na ari au hakuwa nayo.

Kituo cha pwani kilikuwa rahisi zaidi. Karatasi zote zilikuwa na wino mmoja wa bluu na alama za vema zinazolala upande mmoja. Mfawidhi alinieleza mwenyewe bila kuulizwa, tena kwa fahari, kwamba aliwakusanya watumishi, akawasomea swali, kisha akawasomea jibu. "Tumefanya kwa pamoja," akasema, "kama familia."

Nikaandika taarifa. Bwana Mtauka aliacha kuivunja timu ya mlimani, na cheti cha pwani hakikutolewa, ila alikasirika kwamba kazi imekuwa bure. Akataka duru ya pili iwe ya uhakika: kila mtu ajaze yake, na tujue nani hajarudisha. Hapo ndipo mimi nilipojiona mtaalamu. Nilitia kila dodoso kwenye bahasha yenye jina la mtumishi, na kwenye kona ya chini ya karatasi, kwa penseli nyepesi, nikaandika namba. Orodha ya namba na majina nikaifungia kwenye droo yangu. Nia yangu haikuwa mbaya. Nilitaka kumkumbusha asiyerudisha, na duru ijayo nilitaka kulinganisha majibu ya mtu yule yule, nione kama anajibu anachohisi au anabahatisha. Kwa upande wa kupima tu, wazo halikuwa la kipumbavu. Lakini juu ya kila karatasi palikuwa na sentensi niliyoipiga chapa mwenyewe: *Majibu yako ni siri.*

Karatasi zikarudi. Moja ya kituo cha pwani ilikuwa na maneno nyuma, yameandikwa kwa herufi kubwa kubwa: *Chumba cha kujifungulia hakina maji tangu kabla ya Ramadhani. Tunaagizwa tuandike kuwa yapo. Ari mnayoiuliza imeishia kwenye ndoo.*

Nililiona ni jibu bora kuliko yote tuliyopata. Nikalipeleka kwa Bwana Mtauka nikiwa na furaha ya mtu aliyevua samaki mkubwa. Alisoma mara mbili. Taarifa za kituo kile, ambazo yeye huzisaini kwenda juu, zilisema maji yapo.

"Nani huyu?" akauliza.

Nikaitazama ile kona ya karatasi.

"Saidi, una namna ya kujua?"

Ningeweza kusema sina. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko jambo lolote la maisha yangu ya kazi. Lakini alikuwa mkuu wangu, na, niseme ukweli, niliona fahari kwamba utaratibu wangu unafanya kazi. "Ninayo," nikasema. Nikafungua droo. Namba ilikuwa ya Sista Fatuma, muuguzi mkunga.

Barua ya uhamisho ilitoka wiki hiyo hiyo: anahamishiwa zahanati ndogo upande wa Kinjumbi, mara moja, kwa manufaa ya kazi. Alikuja kuichukua kwangu, kwa sababu barua zote zilipita kwangu. Sista Fatuma alikuwa mwanamke mtulivu wa makamo, mjane, akimuuguza mama yake aliyekuwa amepooza upande mmoja. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mama yangu nitamwacha na nani?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Pole, Sista."

"Nimefanya nini, Kaka Saidi?"

Nikashindwa kudanganya, au nikashindwa kuficha. Sijui tofauti yake ilikuwa ipi pale. Nikamwonyesha kona ya karatasi. Akaitazama ile namba ya penseli kwa muda mrefu, akaigeuza karatasi, akayasoma yale maneno pole pole, kama mtu anayeyaona mara ya kwanza. Kisha usoni mwake pakapita kitu ambacho sikukielewa, kama mtu anayetaka kucheka kwenye msiba.

"Basi sawa," akasema. "Nitie saini wapi?"

Nilimwonyesha. Akatia saini, akaniaga kwa heshima, akaondoka. Mama yake ilibidi apelekwe kwa mdogo wake Fatuma huko Mtwara.

Duru ya tatu sikuandika namba yoyote. Haikusaidia kitu. Habari ilikuwa imekwisha kuenea vituo vyote kabla gari letu halijafika, na karatasi zikarudi zimejaa tano kila mahali. Hata mlimani. Hata yule nesi wa dirishani, kama alijaza. Hakuna aliyeandika neno nyuma. Bwana Mtauka akachora mstari unaopanda, akaupeleka kwenye kikao, watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Niliitazama mikono yangu ikipiga.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Rondo na rundo la karatasi zile kwenye mfuko wa plastiki. Mama Thekla alikuwa amestaafu, analima mihogo, amekonda lakini anatembea vile vile kama anachelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini, mbegu au matatizo?"

Nikamweleza yote, la droo pia. Akazipekua karatasi kwa ncha ya kidole. "Safi," akasema, kwa sauti ile ile ya zamani, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akauliza, "Wewe ulijazaje?"

"Mimi sijazi, mama. Mimi ndiye ninayepima."

"Wewe si mtumishi?"

Akanipa kalamu na karatasi isiyojazwa, akaenda kuchuma matembele. Nilikaa nayo kwenye kibaraza. *Nikiamka asubuhi natamani kwenda kazini.* Nikafikiria. Kuna siku natamani. *Kiongozi wangu anasikiliza maoni yangu.* Nikatazama nyuma kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu isipokuwa kuku. Aliporudi nilikuwa nimejaza tatu kuanzia juu mpaka chini.

"Ndiyo ukweli?"

"Sijui. Ndiyo isiyoniletea shida."

Hakunicheka wala hakunihurumia. Alisema tu kwamba zamani ukurasa wa daftari ukipotea tuliandika *ukurasa umepotea*, tukatia saini, hatukuubuni mwingine. Akanifungia matembele nimpelekee mke wangu.

Jumatatu nilimwandikia Bwana Mtauka barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba matokeo ya duru ya tatu hayafai kutumika, kwamba duru ya pili niliandika namba kinyume cha ahadi, na kwamba badala ya Sista Fatuma aadhibiwe mtu mwingine, yaani mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemhakikishia siri. Aliniita.

"Unataka nikasimame mbele ya bodi niseme hatujui?"

"Ndiyo, bosi."

"Saidi, hakuna anayeajiriwa kwa kutojua." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza yeye naye angejaza ngapi. Uhamisho wa Fatuma haukufutwa. Alisema nafasi imekwisha kujazwa. Barua yangu aliitia kwenye jalada, hakuichana, na hilo nampa. Mimi nikahamishiwa meza ya maombi ya likizo, na dodoso likaendeshwa na mwingine, tano kwa tano, mwaka baada ya mwaka, mpaka Bwana Mtauka alipohama.

Mkuu aliyemfuata ndiye huyu mliyemkuta ninyi, daktari, ambaye wiki ya kwanza alisoma majalada yote na kuniita na barua yangu mkononi. "Wewe ndiye uliyeandika hii?" Nilidhani nafukuzwa. Akasema, "Basi fanya upya, na ufanye vizuri."

Yafuatayo ndiyo mliyoyakuta kabatini, na sababu zake. Maswali yalisomwa kwanza kwa sauti mbele ya wahudumu, wakunga na walinzi, na kila mmoja akaulizwa ameelewa nini. Lililoeleweka kwa namna mbili lilitolewa, hata kama lilikuwa zuri. Badala ya namba tukaweka maneno: kila siku, siku nyingi, mara moja moja, hata siku moja. Maswali machache yanarudi mara mbili kwa maneno tofauti, si kwa ajili ya kumtega mtu, ila kuona kama swali lenyewe limesimama. Mfawidhi hashiki karatasi. Kituo chenye watumishi wachache hakitolewi matokeo yake peke yake, kinachanganywa na vingine, kwa kuwa kwenye watu wanne kila mtu anajua mwandiko wa kila mtu. Na karatasi hazitiwi namba, hata ya penseli, hata kwa nia njema. Maana yake hatuwezi kumfuatilia mtu mmoja duru hadi duru, na hiyo ni hasara ya kweli. Nimekubali kuilipa.

Sanduku lile lenye tundu la kutumbukizia karatasi nililinunua Lindi, duka la Bwana Karim, familia yao wameuza vifaa vya ofisi tangu babu yake. Alilizungushazungusha juu ya kaunta, akaniuliza, "Kuna uchaguzi, Bwana Saidi?" Nikamwambia tunapima moyo wa wafanyakazi. Akafikiri, akawatazama vijana wake wawili waliokuwa wameegemea rafu, akasema, "Jingine nabaki nalo mimi, ukirudi utanieleza linavyofanya kazi."

Matokeo yakashuka vibaya. Mkuu wetu alishtuka, akadhani amewavunja watu moyo kwa kuja kwake. Mimi nilifurahi sana, jambo ambalo ni gumu kumweleza mtu wa nje, kisha nyumbani furaha ikaniisha. Kama zimeshuka kwa sababu sasa wanasema kweli, vizuri. Lakini huenda kweli walikuwa wamechoka zaidi mwaka ule. Karatasi haikuweza kuniambia ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana tulianza kutazama na vitu vingine pembeni yake: nani anaomba kuhama, nani anabadilishana zamu na mwenzake bila kulazimishwa, wodi gani haina ugomvi wa ratiba. Endeleeni hivyo. Siwaahidi kwamba vitakubaliana.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilikwenda Kinjumbi. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo kwa miaka, kila mara nikiwa na sababu nzuri. Sista Fatuma yu karibu kustaafu naye, ndiye msimamizi wa ile zahanati, na watoto wa shule wanamwamkia njia nzima. Alinikaribisha kwake, akaniandalia chai na mihogo ya kuchemsha. Sikugusa.

"Dada Fatuma, nimekuja kukuomba radhi. Mimi ndiye niliyetoa orodha."

"Najua. Ulinionyesha mwenyewe."

"Niliwaahidi siri. Uliandika kweli tupu, na mimi..."

"Sikuandika mimi," akasema.

Nikadhani sijasikia. Akanimiminia chai zaidi kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye kisahani, wala hakujali.

"Zile bahasha zilipofika tulikuwa wanne chumba cha wazazi. Mmoja wetu akaielekeza karatasi dirishani, akaiona ile namba yako. Tukatazama zote, zinazo. Basi tukazimwaga mezani, tukazichanganya kama karata, kila mtu akaokota moja akaenda kujaza peke yake. Tukaelewana: atakayeshikwa, ashikwe, asimtaje mtu."

"Kwa hiyo nani aliandika?"

"Sijui."

"Mpaka leo?"

"Hatukuulizana, Kaka Saidi. Ndiyo yalikuwa makubaliano."

Nilikaa pale nikijaribu kulipanga. Watu wanne ambao dodoso langu lilisema wako katikati tu, si juu wala si chini, walikuwa wamefanya jambo ambalo sijaliona kwenye kituo chenye tano tupu. Tena walilifanya kwa ajili ya kujikinga na mimi. Sikujua nilitie kwenye ari au kwenye hofu. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ya barua, ningemtetea.

"Ungenitetea vipi? Ungetafuta mwingine." Alisema bila hasira. Kisha akatazama mlangoni. "Mama alifia Mtwara. Nilifika wamekwisha mzika. Kwa hilo sina la kukwambia. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Ilikuwa na chumvi ya machozi yangu, na ninyi vijana msicheke, mtafika.

Alipokuwa ananisindikiza barabarani akauliza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Na maji je? Yale ya chumba cha wazazi. Yalitoka?"

Nikafungua mdomo. Nilijua namba ya karatasi ile, tarehe ya barua, mwandiko, mstari uliopanda na mstari ulioshuka. Kuhusu maji sikujua chochote. Kwa miaka yote ile, ofisini kwetu, hakuna aliyeuliza, na mimi ndiye niliyesoma wa kwanza.

"Sijui, dada."

"Ukipita, niangalizie."

Nilipita kesho yake. Kituo cha pwani kimepakwa rangi mpya na hakuna aliyenitambua. Nikamwomba nesi wa zamu aniruhusu nione chumba cha kujifungulia. Binti mdogo, mchangamfu.

"Shikamoo, mzee. Umemleta mgonjwa?"

"Marahaba, binti yangu. Nataka kufungua bomba tu."

Alishangaa, lakini chumba kilikuwa kitupu, akanifungulia. Nikazungusha koki. Bomba likakohoa, likatoa hewa, kisha maji yakaja, ya kahawia kidogo kwanza, halafu meupe. Nikaweka mkono chini yake. Nikampigia Sista Fatuma palepale.

"Yanatoka," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Tangu lini?"

Nikamgeukia yule binti, nikamuuliza. Akainua mabega.

"Mimi nimeyakuta, mzee."